Masomo ya Kusikia

Mwenyekiti Mrisho aliuliza swali lake mara tatu, na mara zote tatu Mzee Mwinyimvua alijibu jambo jingine. Mara ya kwanza alisema mikorosho ilikuwa imetoa maua mazuri mwaka ule. Mara ya pili alisema marehemu mkewe alizikwa Umwe, kwao. Mara ya tatu, alipoona watu wote waliojaa ofisi ya kijiji wanamtazama wakisubiri, alitabasamu na kutikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana. Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akacheka, wenzake wakamfuata.

Mrisho akafunga faili. Akamwambia Sufiani, mwana pekee wa mzee, kwamba hatapiga muhuri karatasi ya mtu asiyejua anachoulizwa. Katika kijiji kimoja cha jirani shamba la kikongwe lilikuwa limeuzwa na wapwa zake, kesi ikafika wilayani, na mwenyekiti wa huko akavuliwa madaraka. Yeye hakutaka yamkute hayo.

"Mlete siku atakayosikia na kujibu kwa kinywa chake," alisema. "Siku hiyo nitapiga muhuri."

Walitoka nje. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam alikuwa amesimama kando ya gari lake, funguo mkononi. Ilikuwa mwaka tisini na sita, na watu wa namna yake walikuwa wakishuka Kibiti kila wiki kutafuta ardhi iliyo karibu na barabara. Shamba la mikorosho la Mzee Mwinyimvua liligusa barabara kabisa. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba ya wageni na kituo cha mafuta. Sufiani, aliyekuwa akiuza mitumba chini ya turubai sokoni, alitaka duka la saruji na mabati. Mzee peke yake hakujua kinachotakiwa. Mwanawe alikuwa amemwambia kwa ishara na kelele kwamba wanakwenda kuandikisha mipaka, naye alikuwa amevaa kanzu yake safi kwa ajili ya mipaka.

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza mwanawe wale watu walikuwa wanacheka nini. Sufiani alimjibu, na mzee hakusikia jibu.

*

Masikio yake yaliliwa na msumeno. Kwa miaka ishirini na miwili alilisha magogo kwenye kiwanda cha mbao cha serikali huko delta, mpaka kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa kwa vipande, na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri mafao. Mkewe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akimrudishia maneno ya watu, akiyasema taratibu karibu na shavu lake. Alipofariki, mzee akawa mtu wa kutabasamu. Alitabasamu msikitini, alitabasamu misibani, na watu wakazoea kuzungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya mlango.

Sufiani alimpeleka zahanati akitumaini kupata mashine ya masikio. Mganga wa pale, Mustapha, kijana aliyesomea mambo hayo miezi michache mjini, alikuwa na mashine moja kuukuu iliyotoka kwenye msaada, lakini betri zake hazikupatikana. Alimpima mzee, akamsemesha kwa mbele, kisha kwa nyuma, akaandika.

"Sikio halitarudi," alimwambia Sufiani. "Msumeno umekula sauti nyembamba. Sa, sha, cha, fa, hazisikii. Zinazobaki zinafika kichwani vipande vipande, na ubongo wake umechoka kuviunga, umeacha. Huo ubongo ndio unaofundishika."

Akaeleza namna. Nusu saa kila siku, mahali penye utulivu. Mwalimu na mwanafunzi wakae uso kwa uso, karibu. Maneno mawili yanayokaribiana yasemwe, na mzee ataje lipi kasikia. Akizoea, yawe matatu, ayarudie kwa mpangilio wake. Kisha sentensi. Kisha mwalimu azibe mdomo kwa ukaya, kitambaa cha kujifunikia, ili mzee asisome midomo. Mwishowe redio iwashwe kwa sauti ndogo, ajifunze kuchambua neno katikati ya kelele. Alisisitiza jambo moja: wabadilishane kumfundisha, kwa sababu mtu wa namna hii huweza kuizoea sauti moja na asizisikie nyingine.

Sufiani aliuliza itachukua siku ngapi. Mustapha alisema miezi miwili, pengine zaidi. Sufiani alijaribu siku mbili. Siku ya kwanza alipiga kelele, siku ya pili alipiga meza. Siku ya tatu kazi akamwachia mkewe.

*

Hanifa alizaliwa Kiongoroni, mbali kule ambako mto unamalizikia baharini, na alikuwa na miaka mitano katika nyumba ile bila mtoto. Alilelewa kujua kwamba mkwe hatazamwi usoni. Akimpelekea chakula aliinama, akasema shikamoo akitazama sakafu, akarudi nyuma. Sasa aliambiwa aketi mbele yake, magoti yakikaribiana, amtazame, naye amtazame mdomo.

Asubuhi ya kwanza wote wawili walitokwa na jasho. Walikaa sebuleni, mlango wazi ili mpita njia aone hakuna lililofichwa. Hanifa alisema, "Funga. Chunga." Mzee akasema amesikia unga mara mbili. Akarudia. Mzee akasema unga. Baada ya nusu saa alikuwa amepata matatu kwa kubahatisha, akashukuru, akaenda kulala kichwa kikimuuma kama mtu aliyebeba magogo.

Hanifa hakumpigia kelele, na labda hilo ndilo lililosaidia. Mzee alipokosea, alimrudia kwa sauti ileile, kama mtu anayepepeta mchele. Sita, fika, shika, pika. Wiki ya tatu mzee alianza kutofautisha shika na fika. Wiki ya nne Hanifa alijifunika mdomo kwa ukaya, akasema, "Jua linachoma," na mzee akasema, "Jua linachoma," kisha akaufuta uso wake kwa pindo la kanzu.

Tangu siku hiyo hawakuishia kwenye maneno. Mzee alimhadithia habari za kiwanda, na za mtu aliyekatika vidole vitatu akavitafuta kwenye unga wa mbao. Hanifa alimweleza kwao, wanaume wanaokata boriti mikokoni matope yakiwafika kiunoni, na mama yake aliyekausha kamba wa baharini juu ya majamvi. Mzee asipolipata neno, Hanifa alimtafutia jingine lenye maana hiyo. Kabla ya kila somo mzee aliinua mikono akamwombea dua, kwa sauti kubwa asiyojua ukubwa wake, Mungu amruzuku mtoto. Wapita njia walisikia. Walisikia, na waliona pia mwanamke na mkwewe wanatazamana macho kwa macho kila asubuhi, na baadhi yao wakaanza kupunguza mwendo wanapofika mlangoni pale.

Lakini nje ya sebule ile mambo yalibaki vilevile. Imamu akisema, ilikuwa uji. Mwanawe akisema, ilikuwa uji. Mzee hakulalamika. Alikuwa na sauti moja anayoielewa, na kwa mtu aliyekuwa hana hata moja, hiyo ilimtosha.

*

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, Sufiani alimwita mkewe chumbani. Mnunuzi alikuwa ameleta habari kwamba hatasubiri zaidi ya Alhamisi, kuna shamba jingine mbele kidogo. Sufiani akamwambia aache hadithi za kamba na boriti. Amfundishe mzee swali moja na jibu moja. Swali: unakubali mbele ya baraza hili? Jibu: nakubali kwa hiari yangu. Alisikie swali hilo mpaka aweze kulijibu usingizini.

Hanifa aliuliza habari ya neno kuuza. Mwenyekiti lazima atalitamka.

"Hilo litapita," Sufiani alisema. "Asilijue. Akisikia unakubali, aseme nakubali, basi."

Hanifa alimkumbusha kwamba yule ni baba yake mzazi. Sufiani hakukasirika. Alisema kwa utulivu kwamba yeye ni mume aliyevumilia miaka mitano, na jamaa zake wanamshauri kila siku jambo ambalo yeye hataki kulifanya. Duka likipatikana kutakuwa na sababu ya kuendelea kuvumilia. Kisha akatoka kwenda sokoni.

Siku tatu Hanifa alifundisha lile swali na lile jibu. Mzee alifurahi, aliona ni sentensi ndefu na anaipata yote. Alidhani ni ya mipaka.

Jumatano mchana dada yake Hanifa, Ummy, alifika kutoka Kiongoroni na kikapu cha kamba wakavu. Wakakaa uani wakichambua kisamvu. Walijua mzee yuko msikitini. Lakini mzee alikuwa amerudi mapema, akapitia upande wa nyuma, akaingia bafuni kuoga, na bafu lilikuwa ni ua wa makuti tu, hatua tano kutoka walipokaa. Alikuwa ameinamia ndoo aliposikia sauti ya Hanifa. Ilimfikia safi. Moyo ukamruka kwa furaha: hapakuwa na somo, hapakuwa na uso wa kuutazama, na alikuwa anasikia.

Ya Ummy hakuisikia. Alisikia nusu ya mazungumzo, majibu bila maswali.

"Sufiani ndiye aliyenituma, mimi ningeanzia wapi," ilisema ile sauti. Kimya. "Kesho. Aseme nakubali, shamba liende." Kimya tena. "Anadhani ni mipaka. Hajui kitu, masikini. Ndiyo, mimi ndiye ninayemfundisha kusema."

Kisha Hanifa akasogea karibu na dada yake, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Kila asubuhi ananiombea dua kabla hatujaanza, dada. Naona haya mpaka nashindwa kumeza mate. Kesho nitamtia sikioni lile neno analokatazwa, Sufiani aniue akitaka."

Hayo ya mwisho mzee hakuyapata. Alikuwa amesimama na kata mkononi, maji yakimchuruzika mgongoni, akingojea wanawake waondoke ili atoke bila kuonekana.

*

Alhamisi asubuhi alikaa kwenye kiti chake kama kawaida, ila hakuinua mikono kuomba dua. Hanifa aliliona hilo na hakujua maana yake. Mumewe alikuwa chumbani akipiga pasi shati, mlango haukufungwa. Hanifa akaanza na swali lililoamriwa, mzee akalijibu bila kumtazama. Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongeza zoezi dogo, Hanifa akasema maneno manne: "Kuuliza. Kukuza. Kuuza. Kuunga."

Mzee akayarudia.

"Kuuza," alisema Hanifa tena.

"Kuuza," alisema mzee.

"Kuuza shamba."

Mzee alimtazama. Aliona anadhihakiwa, kwamba mwanamke huyu sasa anamchezea kama paka anavyochezea panya, kwa kuwa anamdhani hajui. Akalirudia kwa uchungu, neno kwa neno, "Kuuza shamba," na Hanifa akaitikia kwa kichwa, macho yamemlowa. Alidhani mzee ameelewa zawadi aliyopewa. Chumbani pasi ilinyamaza, kisha ikaendelea.

Ofisi ya kijiji ilijaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu watu walisikia kiziwi wa msumeno amefundishwa kusikia. Mnunuzi alipewa kiti. Mrisho alivuta chake mpaka karibu na mzee, akasoma karatasi polepole, kama alivyoelekezwa. Sauti yake ilikuwa nzito na ngeni, na maneno mengi yalipita bila kushikika. Lakini mawili yalisimama katikati ya uji ule kama vigingi, kwa sababu yalikuwa yamepigiliwa kichwani mwake na mtu mwingine. Unakubali. Kuuza.

"Nimesikia," alisema Mzee Mwinyimvua. "Umeniuliza kama nakubali kuuza. Sikubali."

Mrisho akamtazama Sufiani, akamtazama mzee, akarudia swali. Mzee akarudia jibu. Akasema aliletwa pale kwa habari ya mipaka, wala hakuna siku aliyoambiwa kuhusu kuuza.

Angeishia hapo yangekwisha. Lakini kwa miaka mingi alikuwa hajasema kitu watu wakasikiliza, na Mrisho alimuuliza, akionyesha kwa mikono, nani basi aliyemfumbulia. Mzee akasimama.

"Hakuna aliyeniambia," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Nimemsikia mke wa mwanangu, Hanifa, akimweleza dada yake kila kitu. Nimesikia kwa masikio haya haya mliyoyacheka."

Wapo waliompigia makofi. Mnunuzi aliondoka bila kuaga, na gari lake likaelekea kwenye lile shamba jingine.

*

Sufiani hakumpiga mkewe. Alikwenda kumwita shahidi mmoja, jirani, akasimama mlangoni, akatoa talaka moja, akasema mwenye kutunza siri za nyumba kwa kuzimwaga uani mbele ya dada yake arudi kwa huyo dada yake. Juu ya hilo akasema, ili jirani asikie na ayapeleke mbele, kwamba alikuwa na mashaka tangu zamani na vile vikao vya kutazamana.

Mzee aliona mabegi. Aliona Ummy akikunja kanga kwa haraka. Alimfuata Hanifa sebuleni, na Hanifa akaketi mahali pake pa kila siku, mbele ya kile kiti, akamngoja naye aketi. Hakuinamisha macho.

"Baba," alisema, taratibu kama alivyozoea. "Jana ulisikia nusu."

"Nilisikia ya kutosha."

"Nilimwambia dada naona haya. Nilimwambia nitakufundisha lile neno. Sufiani alinikataza. Asubuhi hii, nani amekufundisha neno kuuza?"

Hanifa alingoja kidogo, kama alivyokuwa akimngojea jibu katika masomo, kisha akainuka kwa sababu Ummy alikuwa anaita.

Mzee alimfuata mwanawe uani. Akamwambia ameteleza, mwanamke hana kosa, kosa ni lake yeye mzazi, amrudishe hata sasa hivi kabla hajapanda gari. Sufiani aligeuka na kumjibu. Alisema maneno mengi, uso umemvimba, mkono ukionyesha shamba, nyumba, kisha kifua chake mwenyewe. Mzee alimtazama midomo kwa bidii yake yote, na hakupata hata neno moja.

*

Korosho za mwaka ule zilikuwa nyingi. Wachuuzi walipita nyumba kwa nyumba, mzee akawauzia, wakampunja kadiri walivyotaka kwa kuwa hakusikia bei za wenzake. Sufiani aliendelea na mitumba. Walikula sahani moja bila kusemeshana. Mzee alirudi kwa Mustapha, akamweleza kwamba amepoteza mwalimu. Mustapha alisema mtu yeyote anaweza kumfundisha. Alijaribu mtoto wa jirani, akajaribu mwadhini. Kila mmoja alichoka kabla ya wiki. Mwadhini alimwandikia kwenye karatasi kwamba anaona mzee hasikilizi, anangoja tu.

Miezi mitatu na siku kadhaa ilipopita, alipanda lori mpaka Nyamisati, na kutoka hapo boti ya mashine mpaka Kiongoroni. Kaka yake Hanifa, Khalidi, alimpokea kwa adabu, akamtandikia mkeka, akakaa naye akizungumza mambo ambayo mzee aliyaitikia kwa tabasamu. Baada ya muda mrefu Hanifa akatoka ndani na sinia la wali na kamba wa nazi. Alikuwa amekonda. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. Alikuwa amesikia yote, mpaka ile sauti nyembamba ya mwanzo.

Alisema alilokuja kusema. Amekuja kuomba radhi mbele ya kaka yake. Shamba lipo, ataliandika jina la Hanifa, nusu au lote, baraza lishuhudie. Na akikubali kurudi, hata si kwa Sufiani, arudi kama binti wa nyumba, Sufiani akae huko sokoni kwake.

Hanifa alimtazama Khalidi, kisha akamsogelea mzee kidogo, lakini si karibu kama zamani.

"Radhi nimeshakupa, baba," alisema. "Shamba kaa nalo. Ijumaa naolewa, mke wa pili, kwa mkata boriti wa hapa hapa. Nilikuwa na posa mbili, moja ilivunjika. Walimwambia yule mtu kwamba nilitolewa kwa mume kwa ajili ya mkwe." Akalichagua neno lifuatalo kama alivyokuwa akiyachagua yale ya masomo. "Usije tena. Ukija tena, na hii itavunjika."

Mzee alilisikia lote mara ya kwanza, na hakumwomba alirudie. Alinawa, akala matonge mawili kwa heshima ya waliopika, akamwombea Hanifa dua fupi kimoyomoyo ili asisikike, akaaga.

Khalidi alimsindikiza mpaka botini. Mashine iliwashwa, boti ikaingia kwenye mkono wa mto kati ya mikoko. Mwanamke mmoja aliyeketi mkabala naye, mwenye kapu la kuku magotini, aliinama akamuuliza jambo. Mzee alimtazama mdomo. Mwanamke akarudia, akitabasamu. Mzee akamwonyesha sikio lake, akatikisa kidole kwamba hakuna kitu mle, na yule mwanamke akamgeukia mtu mwingine.